Silikoni, PU, butili au lami: dawa ipi ya kuziba bati na gata lako?

Ingia duka lolote la vifaa vya ujenzi hapa Tororo, mashariki mwa Uganda, useme, "Naomba silikoni ya kuziba gata." Mara nyingi muuzaji hakuulizi swali. Ananyoosha mkono rafuni, anakupa tyubu ya bei ya chini kuliko zote, isiyo na rangi, na ukiikata mdomo tu inakupiga puani harufu ya siki. Hiyo ndiyo dawa isiyofaa kabisa kugusa bati la zinki, na ndiyo ninayoikuta kila mara nikipanda ngazi kutazama gata linalovuja.

Chanzo chake ni jina. Kwetu kila kitu kinachotoka kwenye tyubu kwa bunduki ya kusukumia dawa tunakiita silikoni, hata kama ndani ni PU (poliurethani), akriliki au kitu kingine kabisa. Mteja anaomba silikoni, muuzaji anampa silikoni, fundi anapaka silikoni, na wote watatu hawazungumzii kitu kimoja. Basi tuzitenganishe, maana tofauti zake ndizo zinazoamua kama gata litavumilia misimu mingi au litaanza kudondosha kabla mahindi hayajakomaa.

Mama mmoja aliniita nyumbani kwake, upande wa njia ya Malaba. "Fundi, hili gata lilizibwa vizuri tu, mbona sasa linavuja kuliko mwanzo?" Nikapanda. Silikoni ilikuwa bado ipo, laini, inang'aa, haina hata ufa. Nikaishika ncha kwa kucha nikaivuta. Ikabanduka yote mara moja, ukanda wa urefu wa mkono. Mgongoni mwake kulikuwa na unga mweupe. Chini yake bati lilikuwa limepoteza mng'ao, na katikati kulikuwa na mstari wa kutu nyekundu, upana uleule wa silikoni iliyotoka. Sentimita mbili pembeni, bati lilikuwa zima kama lilivyotoka dukani.

Unga ule mweupe ni zinki iliyoliwa. Silikoni ya siki inapokauka hutoa asidi ya asetiki, yaani asidi ileile ya siki. Kwenye kioo au vigae haina madhara. Kwenye bati lililopakwa zinki, asidi hiyo hula zinki yenyewe, na zinki ndiyo iliyokuwa inalinda chuma kisishike kutu. Silikoni ikishapoteza mahali pa kushika, inabanduka, maji yanaingia nyuma yake na kukaa. Kwa hiyo dawa ilikuwa nzima na bati ndilo lililokufa.

Dawa mbadala ni silikoni nyutro, ambayo ikikauka haitoi asidi hiyo. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Soma lebo: ukiona neno "acetoxy" au "acetic", iache, tafuta "neutral". Lebo ikiwa haisemi lolote, mwombe muuzaji tyubu iliyofunguliwa uinuse. Nyutro ina harufu yake hafifu, lakini siyo siki. Bei yake huwa juu kidogo, na kwa kazi ya bati mimi sioni sababu ya kujadili hapo. Hata bati la rangi usilipake ya siki, kwa sababu kila mahali lilipokatwa kwa mkasi au kutobolewa kwa drili, chuma na zinki viko wazi.

Bati letu linapitia nini

Kabla ya kulinganisha zilizobaki, fikiria siku ya kawaida ya Aprili. Saa nane mchana jua limewaka, bati huwezi kuliwekea kiganja, linafika hata nyuzi 60. Saa tisa wingu limetanda, radi imepiga, na mvua baridi inashuka kwa kishindo. Ukikaa ndani kimya unasikia mabati yakilia, ta, ta, ta. Yanajikunja. Chuma cha mita 6 kikishuka kutoka nyuzi 60 hadi 22 kinapungua karibu milimita 3. Alumini hupungua karibu mara mbili ya hapo. Jambo hilo linaweza kutokea kila siku ya msimu, na dawa iliyo kwenye kiungio inavutwa na kubanwa kila mara.

Ongeza jua lenyewe. Sehemu kubwa ya Uganda iko karibu na ikweta na juu ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Miale inayochoma plastiki na raba huku ni mikali. Dawa iliyotengenezwa kukaa ndani ya nyumba itapasuka juu ya paa hata kama ingekuwa na nguvu ya kushika kuliko zote.

Kwa hiyo maswali ya kuuliza kiungio ni haya: Kinacheza? Jua linakipiga moja kwa moja? Maji yanatuama juu yake au yanapita tu? Kimegusa bati tupu, rangi, au saruji? Ukiyajibu hayo, dawa karibu inajichagua yenyewe.

Gata: nyutro, PU au MS

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, maana gata ni mahali pagumu. Maji hutuama, majani huoza humo, jua hupiga ukingo, na kiungio hucheza.

Silikoni nyutro ina sifa moja ambayo hizi nyingine hazijaifikia: jua haliifanyi kitu kwa miaka mingi. Inabaki raba. Nyingi zinavumilia kuvutwa au kubanwa kwa asilimia 25 ya upana wa kiungio. Yaani ukiacha nafasi ya milimita 6, inaweza kucheza milimita moja na nusu kila upande bila kuchanika. Ukiipaka nyembamba kama karatasi, asilimia 25 ya karatasi ni sifuri, na itachanika. Unene ni sehemu ya dawa.

Udhaifu wake ni mbili. Rangi haishiki juu yake, kwa hiyo ukitaka kupaka gata rangi, paka kwanza, ziba baadaye. Na kubwa zaidi, hakuna kinachoshika juu ya silikoni iliyokwisha kukauka, hata silikoni mpya haishiki vizuri. Ukiziba leo ukakosea, fundi wa kesho atalazimika kukwangua hadi bati tupu. Wengi hawakwangui. Wanapaka juu ya ile ya zamani, wanapokea hela yao, na mvua ya pili inafichua.

PU, yaani poliurethani, hushika kwa nguvu zaidi. Ikishakauka, kuibandua ni kazi ya kisu na jasho. Inakubali rangi. Lakini jua linaichakaza: uso wake hugeuka manjano, kisha unga, kisha nyufa ndogondogo. Na wakati wa kupaka haitaki unyevu juu ya bati. Inakauka kwa kuvuta unyevunyevu wa hewa, hiyo ni kawaida yake, ila ikikuta maji hutoa gesi na kujaa mapovu kama mandazi. Asubuhi ya umande usiiguse. Vaa glavu pia, maana ikiwa mbichi ina kemikali zisizofaa ngozi wala pumzi.

Je, PU ina mahali pake juu ya paa? Inapo, na hapo haina mpinzani: pale bati linapokutana na ukuta wa plasta au saruji. Nyumba nyingi za mjini, hasa zile zenye ukuta uliopanda juu kuficha paa, huvuja hapo hapo. Silikoni hushika saruji kwa shida na haipakiki rangi. PU hushika saruji na bati kwa pamoja, halafu unaifunika kwa rangi ya ukuta, na rangi inaikinga na jua.

MS polima, ambayo kwenye lebo wakati mwingine huandikwa "hybrid", imekaa katikati. Inashika karibu kama PU, inakubali rangi, inavumilia jua kuliko PU ingawa haifikii silikoni, haina asidi ya kula zinki, na nyingi zinakubali bati lenye unyevu kidogo. Kwenye mwezi wa Novemba, ambapo bati halikauki vizuri siku nzima, sifa hiyo ya mwisho ina thamani. Bei yake ndiyo inayowatisha watu, na nje ya miji mikubwa si kila duka linayo.

Uamuzi wangu ni huu. Gata jipya la bati, safi, lisilopakwa rangi baadaye: silikoni nyutro. Gata la zamani lenye rangi, au kazi ya dharura katikati ya msimu: MS, hata kama ni lazima uiagize kutoka Mbale au Kampala. PU kwenye gata ningeitumia tu nikijua nitaipaka rangi juu, na nikiwa na siku mbili kavu mfululizo.

Gata la plastiki ni habari nyingine, na kwa kifupi: usilizibe kwa gundi kila kiungio. Plastiki hutanuka takriban mara 5 ya chuma. Viungio vyake vina raba ndani ili gata liteleze. Ukivigandisha vyote, litapasuka pengine. Raba ikichakaa, badilisha raba.

Bati juu ya bati

Pale bati moja linapolalia jingine, tyubu siyo chaguo langu la kwanza kabisa. Chaguo ni tepu ya butili. Ni ukanda laini, wa kijivu au mweusi, unaokuja umeviringishwa na karatasi ya kubandua. Butili haikauki. Inabaki inanata miaka nenda rudi, na bati likicheza yenyewe inafuata. Udhaifu wake ni kwamba haitaki kuonekana: ikiwekwa juani, ivutwe sana au ibebe uzito, inatambaa. Ndani, kati ya bati mbili zilizokazwa kwa skrubu, jua haliioni kamwe.

Paa lenye mteremko mzuri na bati lililopandana vya kutosha halihitaji butili. Inahitajika kwenye veranda na vibanda vya biashara ambavyo watu hulaza bati karibu kama meza, upepo wa mvua ukarudisha maji nyuma. Iweke upande wa juu wa mstari wa skrubu. Hapo, hata tundu la skrubu likipitisha maji, yatateremka nje badala ya kuingia ndani.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni fundi kupita na silikoni kwenye mdomo wa chini wa bati, akiufunga wote kwa nje. Anadhani anazuia maji kuingia, kumbe amezuia maji kutoka. Unyevu ulioingia kwa ubavuni unakaa katikati ya bati mbili, na kutu inaanza mahali usipoweza kuiona. Mdomo wa chini uache wazi upumue.

Kwa skrubu na misumari, tatizo karibu kila mara ni raba ya washa (ile pete iliyo chini ya kichwa) iliyokauka au msumari uliopanda kwa sababu mbao imenywea. Kupaka dawa juu ya kichwa cha msumari unaocheza ni kununua wiki chache. Ng'oa, weka skrubu nene zaidi yenye washa ya raba nzuri, kaza hadi raba ianze kutuna kidogo pembeni, uache hapo. Ukiikaza hadi ikapasuka, umetengeneza tundu jipya.

Lami na nyingine

Lami ni rahisi na inapatikana kila mahali, na najua kwa nini watu wanaipenda: ukiipaka mvua ikinyesha jioni, usiku unalala. Tepu ya lami yenye ngozi ya alumini juu ni bora kuliko lami ya kopo, kwa sababu ile alumini inaikinga na jua, na kwa kiraka cha dharura nitaitumia bila aibu. Lakini lami tupu hulainika mchana, huganda usiku, na baada ya misimu michache hupasuka vipandevipande kama udongo wa kidimbwi kilichokauka. Ikichomwa na jua hutoa mabaki yenye asidi, na yanapotiririka juu ya bati la zinki huacha michirizi iliyoliwa. Na kama gata linajaza tanki, lami haina nafasi kabisa.

Akriliki ni ya ndani ya nyumba. Ina maji ndani yake. Mvua ikija kabla haijakauka, inasombwa kama maziwa, na hata ikikauka haipendi maji yaliyotuama. Ile ya kupaka paa zima kwa brashi pamoja na kitambaa cha wavu inafaa kwa bati kuukuu lenye vitundu vingi, mradi kuna mteremko. Epoksi ya kukanda ni ngumu kama jiwe, na bati linacheza, basi unajua nini kitatokea.

Lehemu ni ufundi wa zamani ninaouheshimu. Mafundi wa Katwe, Kampala, bado wanaweza kukuungia gata la zinki kwa lehemu likakaa kimya miaka mingi. Ila haishiki bati la rangi, na bati lenye mchanganyiko wa alumini na zinki, ambalo siku hizi limejaa sokoni, linaikataa. Hakikisha pia lehemu yenyewe haina risasi kama maji yanaenda jikoni.

Kama maji ni ya kunywa

Paa la mita za mraba 60, mvua ya milimita 20 tu, ni lita 1,200. Hayo ni majerikani 60 ya lita 20 kwa mvua moja. Kwa mtu wa Isingiro au Nakasongola, wilaya zenye ukame, hilo gata ndiyo bomba lake, na dawa unayoipaka humo itaguswa na kila tone.

Kwa hiyo usichukue silikoni iliyoandikwa ni ya bafu na choo, hata kama ni nyutro. Ile ina dawa ya kuua ukungu, na sumu hiyo inatoka taratibu ndani ya maji. Tafuta nyutro ya kawaida, na kama utapata iliyoandikwa wazi kwamba inafaa kugusana na maji ya kunywa, lipa tofauti hiyo ya bei. Dawa yoyote ikishapakwa, iache ikauke siku kadhaa, kisha maji ya mvua ya kwanza yamwagike nje kabla ya kuunganisha tanki.

Kazi yenyewe

Dawa nzuri juu ya bati chafu hubanduka kama mbaya. Kwangua ya zamani yote, piga brashi ya waya pale penye kutu tu, kisha futa kwa kitambaa cheupe chenye spiriti. Geuza kitambaa, futa tena, hadi kitoke kama kilivyoingia. Usitumie dizeli wala petroli. Zinaacha mafuta usiyoyaona kwa macho. Jijini Kampala chunguza pia kinyesi cha ndege, hasa wale karoli wakubwa wanaotua juu ya paa, kwani kinashika bati kama chokaa na dawa itashika kinyesi badala ya bati.

Kwenye kiungio cha gata, pitisha mistari miwili ya unene wa milimita 6 ndani ya sehemu itakayolaliwa. Lalisha kipande cha juu kikielekea kule maji yanakokwenda, kibonyeze hadi dawa ichungulie pembeni, halafu ndipo utoboe na kupiga riveti. Wengi wanapiga riveti kwanza, kisha wanapaka kwa juu tu. Hapo kiungio chote kinategemea ngozi nyembamba iliyo nje. Kila kichwa cha riveti kipate tone lake kwa ndani.

Silikoni hufanya ngozi ndani ya nusu saa hivi, lakini ndani inakauka milimita 2 au 3 tu kwa siku nzima. Mstari wa milimita 6 unahitaji siku mbili au tatu kabla ya kujazwa maji. Msimu wa mvua, anza saa tatu asubuhi umande ukishakauka, umalize kabla ya saa sita. Mchana bati likiwa la moto kupita kiasi limetanuka kabisa, na dawa utakayoipaka hapo itaanza maisha yake kwa kuvutwa.

Tyubu moja ya mililita 300 kwa mstari wa milimita 6 kwa 6 hutoa mita 8 na kidogo. Gata la nusu duara lenye mzunguko wa sentimita 30 hutumia chini ya mita moja kwa kiungio, kwa hiyo hesabu viungio 8 kwa tyubu. Fundi akikuambia ataziba viungio 20 kwa tyubu moja, muulize unene wa mstari wake.

Kabla hujalipa, geuza tyubu utazame tarehe ya mwisho wa matumizi, kisha ibonyeze ubavuni kwa kidole. Ikibonyea sawasawa kutoka kitako hadi shingoni, chukua. Ukisikia ukuta mgumu mahali popote, imeanza kukauka rafuni. Irudishe, uombe nyingine kutoka kwenye katoni iliyo nyuma, ile ambayo jua la mlangoni halijaifikia.